Namna ya Kuwa Kichaka

Kabla hujagusa panga, tafuta kivuli mbali na maji, ukae utazame kutwa nzima. Nani anakuja kunywa? Anapitia wapi? Anasimama wapi kukagua kabla ya kuinamisha kichwa? Asiye na subira ya kutazama atajenga kibanda cha kuvizia kilicho imara kabisa, mahali ambapo hata sungura hapiti.

Ukishajua njia zao, uliza upepo. Funga majivu makavu katika kitambaa chepesi, ukipigepige, uone vumbi linaelekea wapi. Likielekea majini, hamisha kambi bila kubishana nalo. Swala anaweza kusamehe kichaka kilichokaa vibaya, lakini harufu ya binadamu haisamehi. Siku hiyo udi, marashi na sabuni ya kunukia waachie wanaokwenda harusini. Na kwa kuwa upepo wa asubuhi huenda usiwe wa jioni, ni busara kuwa na vibanda viwili, kimoja kila upande wa maji.

Sasa matawi. Hapa walimu ni Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Kiangazi kinapokaza na maji kubaki sehemu chache, wawindaji wao hukaa usiku karibu na maji, pinde mkononi, wamejikinga kwa maficho madogo ya vitu vilivyopo pale pale. Udogo huo ndio ufundi wenyewe. Kibanda kisipande juu ya kichwa cha mtu aliyekaa, wala kisiwe na kona. Porini hakuna kona.

Tumia kile ambacho nchi imevaa msimu huo. Mwezi wa Oktoba, migunga ikiwa mikavu na mibuyu imepukutika, kichaka cha kijani kibichi katikati ya uwanda kitamshangaza hata kobe. Kama kuna miswaki, ambayo hubaki kijani kiangazi chote, jibanze ubavuni mwake uazime kivuli chake. Vinginevyo okota matawi yaliyokwisha kufa. Ukilazimika kukata mabichi, kata mbali, kidogo kidogo, katika miti mingi, na ujue kwamba kesho majani yatakuwa yamesinyaa.

Anza na ukuta wa nyuma. Wengi huhangaika na wa mbele, wakasahau kwamba nuru ikipenya mgongoni mwao kichwa chao kinaonekana vizuri, masikio yakiwemo. Nyuma pawe na giza: rundika matawi ya mgunga, miba itazame nje, maana usiku simba naye huja kunywa. Mbele acha tundu la kutosha jicho na lenzi, au jicho na mshale.

Mimea miwili ikatae hata ikikubembeleza. Upupu utakufanya ucheze ngoma isiyo na mpigaji. Mnyaa una utomvu mweupe unaounguza macho, na macho ndiyo uliyokuja nayo kazini. Kagua pia ardhi: kama siafu wana njia hapo, wao ndio wenyeji.

Ndani, fagia majani makavu yote, uweke gogo la kukalia lisiloumiza. Hili nalisisitiza kuliko urembo wote wa nje, kwa sababu kinachomfichua mtu ni kujongea. Makalio yakiuma utajigeuza, ukijigeuza kanga watapiga kelele, na habari zako zitafika bonde la pili. Nguo nazo zina neno. Swala na jamaa zake huona buluu na njano vizuri, ila nyekundu na kijani huwachanganya. Kwa hiyo jinzi ya buluu ibaki nyumbani. Ndege wanatuzidi wote, kwani wengi wao huona hata miale ya urujuanimno. Kwao vaa rangi za udongo, uongeze utulivu.

Ukidhani haya ni makubwa, wakumbuke ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton. Karibu na mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe mwenye uwazi tumboni, wakamvika ngozi halisi, mpiga picha akaingia ndani kuwangoja ndege. Mwaka 1909 Cherry alikuwa Kenya na kamera ya filamu. Ninawapenda watu wa namna hii, walio tayari kuwa ng'ombe ili ndege asisumbuliwe kiotani.

Maana kibanda kina deni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huko utavizia kwa kamera na darubini; Tanzania mwenye bunduki awe na kibali mkononi kabla hajakata tawi la kwanza. Ila hata mwenye kamera anaweza kuua. Kama dimbwi ni moja tu na wewe umekaa mlangoni pake tangu alfajiri, mnyama aliyekushtukia atasimama juani na kiu hadi jioni. Jenga pembeni, acha njia zao wazi, na ukiona kundi limesimama mbali linatazama kibanda bila kusogea, ondoka. Picha utapiga kesho.

Ukimaliza, bomoa. Tawanya matawi, fukia mashimo, toa kila kamba na kila ganda la biskuti, na miba uisogeze mbali na njia ya kwato.