Sifa za Ukata

Ukata hauna mtetezi. Wazazi huuombea dua uhame, na benki hazitaki hata kuusikia. Ni wajibu basi wa waungwana kuusemea, hasa Julai, vyuo vinapofungwa, na mwanafunzi mgeni aliyekuja Chimwaga, kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, kujifunza Kiswahili, anapohesabu salio huku akiota Serengeti na Zanzibar. Ukata humwepusha na ndoto zote mbili kwa mkupuo. Serengeti humtoza mgeni makumi ya dola kwa siku. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, inamdai bima ya lazima ya dola 44 kabla hajakanyaga mchanga. Mwenye nazo hulipa, kisha hukaa wiki nzima akihudumiwa kwa Kiingereza. Hasara iliyoje!

Mnyonge wetu hupandishwa basi la Kondoa, kaskazini mwa Dodoma, na hapo ukarimu wa ukata hudhihirika. Ukanda wa kutoka Kondoa hadi Mbulu unajulikana sana na wanaisimu, kwani makundi yote manne ambamo kwa desturi lugha za Afrika hugawanywa hukutana huko: Kirangi cha Kibantu, Kiburunge cha Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, na Kisandawe chenye sauti za vidoko. Watu wa lugha hizo wakikutana mnadani, Kiswahili ndicho kinachouza ng'ombe. Isitoshe, asiye na gari la kukodi hulazimika kumuuliza konda, na asiye na hela ya hoteli hula ugali na mlenda kwa mama ntilie, ambako hakuna orodha ya picha ya kunyooshea kidole. Viambishi vya masharti vilivyomshinda darasani humtoka vyenyewe sokoni: ungenipunguzia, ningechukua mawili. Hata msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, mwaka 1857 na 1858 kwa ruzuku isiyotosha, alikwamishwa na mijadala ya hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi. Alinung'unika sana, lakini kitabu chake cha 1860 kina maelezo marefu juu ya Wagogo, ambayo mpita mbio asingeyapata.

Watakuwepo wa kupinga. Watasema fedha huokoa muda, na kwamba tangu 2024 treni ya umeme humtoa abiria Dodoma na kumfikisha Dar es Salaam kwa takriban saa nne. Ni kweli, na hizo ndizo saa chache mno za kumzoea jirani wa kiti. Watasema pia kwamba njaa na malaria havifundishi sarufi. Hapo nakubali: ukata usitafune nauli ya kurudi wala fedha ya dawa. Pingamizi zito ni la tatu: mkulima wa Chamwino, mkoani Dodoma, ambaye mvua imemnyima mtama hauiti ukata mwalimu. Ukata wa mgeni una pasipoti na tarehe ya kwisha. Wa mwenyeji hauna. Kwa hiyo sifa hizi ni za ukata wa likizo peke yake, na anayeufaidi hana haki ya kubishania shilingi ya mwisho ya mama ntilie.

Basi enyi wafadhili, mlipieni mwanafunzi huyu bima ya afya na nauli ya kurudi, halafu fungeni mkoba. Posho ya Zanzibar mpeni akishajua kuiomba kwa Kiswahili.