Konifleksi za London

Ninaishi London. Si ile ya Mfalme Charles. London yangu iko Nakuru, karibu na jaa la Gioto, mahali ambapo upepo ukigeuka unajua jiji zima lilikula nini juzi. Upepo huo nimeuzoea. Kilichonishinda ni kuieleza simu ninakokaa.

Programu ya kununulia vyakula inataka anwani kabla ya salamu. Nilipoiandikia London, ilinifungulia ramani ya Uingereza, ikanipa pole kwamba huduma yao haijafika huko. Nikaongeza Nakuru, ikanitupa ziwani, katikati ya heroe. Nikajaribu kukisogeza kile kialama chekundu kwa kidole, kikaruka hadi juu ya paa la kanisa na kukataa kushuka. Mama Chebet alininyang'anya simu, akaandika: "London, mkabala na kinu cha posho, geti nyeusi, ukifika uliza Baba Chebet." Ikakubali papo hapo. Basi ramani ilikuwa ya nini?

Taabu yote hii ni kwa ajili ya konifleksi. Chebet alikwenda likizo kwa shangazi yake Nairobi, akarudi na mambo. Uji wa wimbi uliomlea tangu hajaota meno, sasa anasema ni chakula cha wagonjwa. Anataka vitu vya kwenye boksi, vya kumwagiwa maziwa, vinavyolia vikitafunwa.

Nikamwambia: mama, hebu kaa chini. Chakula cha wagonjwa ni hizo konifleksi zako. Zilizaliwa sanatorio, Battle Creek, jimbo la Michigan kule Marekani. Daktari John Harvey Kellogg, Msabato aliyeamini kwamba chakula kikiwa kitamu kinaharibu watu, alikuwa akihangaika jikoni na ndugu yake, Will Keith. Mwaka 1894 walichemsha ngano, wakaiacha hadi ikapoteza ubichi wake. Hawakuitupa. Waliipitisha kwenye rola, ikatoka vipande vyembamba vyembamba, wakavioka, wakawapa wagonjwa ambao nadhani hawakuwa na nguvu za kubisha. Mahindi yalikuja baadaye. Mwaka 1906 Will Keith alifungua kampuni yake, akatia sukari, daktari akaudhika, na ndugu wa tumbo moja wakaburutana mahakamani.

Chebet aliniuliza kama nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Kinachonikera hasa ni kwamba wale Wamarekani walianza na ngano, na ngano ni mambo ya huku kwetu. Shika barabara ya Njoro utaona mwenyewe. Lord Delamere alipanda ngano huko mwanzoni mwa karne iliyopita, kutu ikaila yote, ikabidi alipie wataalamu wa kumtafutia mbegu inayostahimili. Kituo cha utafiti bado kipo Njoro, chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Ule ugonjwa wa kutu ya shina uitwao Ug99 ulipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, nchi za mbali zilianza kuleta mbegu zao Njoro zipimwe, maelfu kwa maelfu ya aina. Yaani mbegu inatoka ng'ambo, inavuka bahari, inafika Njoro, inapandwa kwenye mstari wake, na hakuna anayepiga simu kuuliza "mko upande gani?"

Na maduka je? Nakumatt, kabla ya wadai wake kupiga kura ya kuizika Januari 2020, ilikuwa imebeba jina letu: Nakuru Mattresses, duka la magodoro. Naivas chimbuko lake ni Rongai, mwendo wa matatu moja tu kutoka hapa. Watu wa pande hizi ni miongoni mwa waliowafundisha Wakenya kusukuma kigari na kuweka vitu ambavyo hawakuja kununua. Mimi, mwana wa mji huo, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021, nimekaa kitandani usiku na miwani puani nikitafuta konifleksi kwenye kioo cha simu kilichopasuka.

Nikazipata. Boksi shilingi 480, na kando yake shilingi 720 zilizopigwa mstari. Hiyo 720 sijawahi kuiona kwenye rafu yoyote ya Nakuru; naamini ilizaliwa ili ipigwe mstari. Kwenye picha, bakuli limejaa stroberi, asali inadondoka, na maziwa yamerukia hewani yakakataa kuanguka. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, wameandika kwamba hilo ni pendekezo la kuandalia tu. Halafu wakaniambia kwamba waliotazama bidhaa hii walitazama pia chakula cha paka. Nikatazama na mimi. Kusema kweli, ukiondoa stroberi, tofauti ni ndogo.

Zikaja ada. Ada ya kuletewa, sawa, kijana wa boda anakula. Ada ya huduma, sijui huduma ipi, maana kazi yote nilikuwa nikiifanya mimi. Kisha ada ya tatu, ya kuadhibu wenye kikapu kidogo. Mtu ananunua boksi moja la konifleksi, anatakiwa kikapu chake kiwe na ukubwa gani? Waliniambia nikiongeza kitu kingine, adhabu itafutwa. Nikaongeza karatasi za msalani. Adhabu ilifutwa, na karatasi zikanila mara mbili ya adhabu.

Upande wa malipo sina neno. Kenya tumetumiana pesa kwa M-Pesa tangu 2007, na hapo hatuna wa kutufundisha. Nilibonyeza namba ya siri, na kabla sijavua miwani hela ilikuwa imeshahama. Laiti konifleksi zingekuwa na miguu ya hela! Asubuhi nzima simu ilikuwa ikiniarifu kwamba agizo langu linasafiri. Lilikuwa linasafiri kutoka Kenyatta Avenue, umbali ambao mama yangu mzazi huutembea akiwa na gunia la viazi mgongoni na bado akasimama njiani kusalimia watu.

Hatimaye kijana akapiga.

"Mzee, nimefika."

"Umefika wapi?"

"London."

"Wapi London?"

"Hapa kwa kinu."

"Kinu kipi? Unaona mbuzi mweupe?"

"Mbuzi weupe wako watatu, mzee."

"Yule aliyefungwa kamba."

"Wote wamefungwa kamba."

Nikamwomba aulize Baba Chebet. Akauliza, nikamsikia kwenye simu akiuliza, na nikasikia sauti ya mwanamke nisiyemjua ikijibu kwamba Baba Chebet alihamia Kiamunyi. Hadi leo namtafuta mwanamke huyo. Mwishowe nilivaa kandambili, nikatoka, nikamkuta kijana kwenye geti nyeusi ya watu wengine, boksi limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, juu yake karatasi zangu za msalani zikionwa na mtaa mzima.

Konifleksi zenyewe hazikuwa konifleksi. Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi ya kunifahamisha kwamba bidhaa niliyochagua imeisha, kwa hivyo wamenibadilishia na kitu kinachofanana nayo. Walichoniletea ni vijiduara vya chokoleti. Chebet alishangilia. Nikalifungua boksi, refu, zito la rangi, lina mchoro wa mnyama anayecheka, na ndani yake mfuko ukiwa umelala kuanzia katikati kwenda chini. Nusu ya juu ni hewa. Ubavuni wanajitetea kwamba huuza kwa uzani na kwamba vitu hushuka vikisafirishwa. Nakubali kwamba vitu hushuka. Barabara zetu zingemshusha hata mbunge. Lakini boksi nalo kwa nini lisishuke?

Sasa maziwa. Wenye picha zile humimina maziwa baridi, na sina shaka kwao kunawaka jua. Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai, maziwa baridi hapa ni kesi ya polisi. Kwetu tunamimina yanayotoka jikoni yakifuka moshi. Vijiduara vikapiga kelele kidogo, vikanyamaza, vikalegea, vikayeyuka. Kabla Chebet hajamaliza kufunga viatu vya shule, bakulini kulikuwa na kitu kizito cha kahawia, cha moto, cha kunywewa kwa kijiko. Sikusema jina lake. Mama yake alinikanyaga mguu chini ya meza ili nisilitaje.

Tangu hapo Mama Chebet amebuni njia. Kwenye anwani anaandika kioski cha pale kona, ambacho mwenyewe ndiye wakala wetu wa M-Pesa na anajulikana na kila boda wa Nakuru. Kijana anaacha mzigo hapo bila simu wala mbuzi. Majirani nao wakaiga, na mwenye kioski, ambaye si mjinga, akaanza kutoza shilingi 20 kwa kila mzigo anaotuhifadhia. Ada ya nne hiyo, tena haina hata stakabadhi.

Juzi jioni nilipita kuchukua boksi letu. Alipoinama kulitoa chini ya kaunta, nikaona rafu iliyo nyuma yake: konifleksi, zile zile za mwanzo tulizoambiwa zimeisha, zimepangwa hadi darini, bei imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, shilingi 430.

"Hizi zimekuwa hapa tangu lini?"

"Siku zote, mzee."

"Na hujawahi kutuambia?"

"Nyinyi ni watu wa mtandao," akasema, akinyoosha mkono. "Ni mbao ya kuhifadhi."