Gari Lenye Adabu Mbele ya Mafundi

Honi ya lori la kontena ikipigwa nyuma ya IST, huisikii masikioni, unaisikia kwenye meno. Ilikuwa Jumamosi hii iliyopita, mchana, mataa ya Buguruni. Taa imekuwa kijani, malori yanayoelekea bandarini yamejipanga nyuma yangu, na gari langu limezima. Halikukohoa, halikutetemeka, halikuaga. Nikapiga stata: injini ikazunguka kwa nguvu zake zote, bila dalili ya kushika. Kiti cha nyuma amekaa mama mkwe, nimetoka kumpokea stendi ya Mbezi akitokea Tanga, na kapu lenye jogoo mapajani.

Vijana walitokea wasikojulikana. "Tia gia ya pili, bro, achia klachi!" Klachi gani? Gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Gia zake hushikwa kwa shinikizo la oili, oili inasukumwa na pampu ya gia boksi, na pampu hiyo inazungushwa na injini ileile iliyokufa. Ukilisukuma hadi Chalinze utafika umelisukuma tu. Nilianza kuwaeleza hayo, lakini lori likapiga honi tena na jogoo akajibu. Afande wa trafiki naye akafika, akauliza pembetatu ziko wapi, kizima moto kiko wapi. Habari za gari hakuuliza.

Tukalisogeza kando. Nikampigia fundi wangu, akaja baada ya muda na bodaboda, ameshika spana moja. Akaingia, akazungusha ufunguo.

Likawaka. Likatulia sailensa, laini kabisa, kama mtoto aliyempiga mwenzake halafu mwalimu akaingia.

"Bosi, mbona liko fiti?"

Mama mkwe akamtazama fundi, akanitazama mimi, akasema kwa upole wote wa Kitanga: "Mkwe wangu, kumbe lilikuwa lataka mtu ajuaye kuliwasha."

Mtu asiyeelewa atasema ni mkosi. Si mkosi, ni kifaa kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Ndani ya injini ya 1NZ, ile ya lita moja na nusu waliyoipachika kwenye IST na ndugu zake wengi, kuna sahani ya chuma iliyofungwa kwenye krankshafti. Ukingoni mwake pana nafasi ya meno 36, ila mawili yameachwa makusudi, yakabaki 34. Pembeni, karibu sana bila kugusa, imekaa sensa: sumaku, na waya wa shaba mwembamba uliozungushwa. Kila jino likipita, waya unatoa umeme kidogo. Injini ikiwa sailensa, mizunguko 700 hivi kwa dakika, meno karibu 400 yanapita kila sekunde: jino, jino, jino, halafu lile pengo. Kwa kimya hicho cha kufumba na kufumbua kompyuta inajua krankshafti imefika wapi. Siku nilipoelezwa hilo nilisahau chai ikapoa. Gari zima, na mkopo wake, linaongozwa na meno mawili ambayo hayapo!

Sasa sensa ikinyamaza, kompyuta inaamini injini imesimama. Haitoi cheche kwenye plagi, haifungui nozeli, na pampu ya mafuta inakatiwa umeme, kwa usalama: injini ikizima kwenye ajali, petroli isiendelee kusukumwa. Ndiyo maana fundi akitega sikio kwenye tangi anakuta pampu kimya, anaihukumu pampu. Pampu ya watu imeamriwa kunyamaza! Na waya wa sensa ukizeeka hukatika ndani, mahali padogo mno. Ukiwa baridi ncha zinagusana. Ukipata joto la foleni ya Barabara ya Mandela zinaachana. Gari likipoa, zinapatana tena, na kwa kawaida zinapatana muda uleule fundi anaposhuka kwenye bodaboda.

Hapa ucheshi unaniisha. Haikuwa mara ya kwanza: kwa ugonjwa huu nimenunua pampu. Nimenunua plagi seti nzima, na koili, na "throto" ikaoshwa nikalipia kuoshwa. Spea zilizotolewa sikuziona tena. Kila mara fundi alianza kwa kuchomoa terminali ya betri "ili kompyuta ijisahihishe", na kwa gari la umri huu kuchomoa betri ni kufuta kumbukumbu ya hitilafu zote. Yaani mashahidi wanafukuzwa kwanza, kisha kesi inaanza kusikilizwa. Ukimwambia apime kwanza, anacheka, kwa sababu kupima hakulipwi. Anayekaa saa mbili akifikiri halafu akasema shida ni waya, tunampa ya soda. Anayefungua nusu ya injini na kubadilisha kisichoumwa, huyo tunamwita fundi mzuri na namba yake tunapeana.

Aliyeumaliza ugonjwa ni kijana mmoja wa umeme wa magari, mpole, hana hata banda. Alichomoa sensa kwa spana namba 10, boliti moja tu. Akaipima kwa mita: ohmu elfu moja na mia tatu hivi, nzima kabisa. Nikakata tamaa. Yeye akavuka barabara hadi saluni, akaazima drayer, mteja wa watu akabaki na rola kichwani akitutolea macho kutoka mlangoni. Akaipuliza sensa joto. Namba zikapanda taratibu, inavyopasa kwa shaba, zikapanda, zikapanda, halafu mita ikaacha kuonyesha namba. Akazima drayer, akapuliza kwa mdomo. Namba zikarudi. Akapuliza joto, zikapotea. Tulirudia mchezo ule kuliko ilivyohitajika, hadi mwenye saluni akaja kudai drayer yake.

Sensa mpya ikafungwa, gari likapona ugonjwa huo.

Jumatano likakataa kuwaka kwa sababu panya amekula nyaya za nozeli. Alhamisi likawa linamisi, maji kwenye petroli: nilijaza wakati lori la mafuta linashusha kituoni, maji na tope la chini ya kisima cha mafuta yametibuka. Jana terminali ilikuwa imelegea. Fundi wangu wa zamani nimemuuliza pesa ya pampu, akanijibu nisiwe na wasiwasi, pampu mpya itanifaa mbele ya safari, na kwa sauti niliyomsikilizisha kwenye simu, anaona shida sasa itakuwa gia boksi.