Tarehe Zilizopotea Njiani: Mwongozo wa Kuzirudisha Awendo

Karani mwenzangu, umetumiwa faili la tarehe za kupanda miwa, umelifungua kwenye Excel, na shamba lililopandwa tarehe 5 mwezi wa tatu linadai lilipandwa tarehe 3 mwezi wa tano. Usiipige kompyuta kofi. Tarehe ni mgeni aliyetoka safari: mpokee hatua kwa hatua.

1. Tazama amelala upande gani. Kabla hujagusa chochote, angalia kisanduku. Kwa Excel, tarehe ya kweli ni nambari, hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, nayo hulala kulia. Inayolala kushoto ni maandishi yaliyovaa nguo za tarehe. Ukikuta 45000, mgeni hajambo, amevua tu: mvalishe mpangilio wa tarehe, atakuambia yeye ni 15 Machi 2023. Ukikuta #####, mara nyingi kitanda ni chembamba: panua safu.

2. Mshuku aliye kimya. Kompyuta iliyowekwa Kimarekani husoma mwezi kwanza. Ikipewa 25/03/2023 inagoma, kwa kuwa mwezi wa 25 haupo, na kuiacha kushoto. Ikipewa 05/03/2023 inaimeza bila kucheua. Katika mwaka wa siku 365, tarehe 221 zitagoma, 12 za aina ya 4/4 zitabaki salama, na 132 zitageuka kimyakimya. Kwa hiyo mpende anayegoma: ndiye aliyekuja kukuonya kuhusu wenzake.

3. Rudi kwenye faili la kwanza. Faili la CSV usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, ingiza faili kupitia menyu ya Data, kisha ieleze kwamba safu ile ni siku, mwezi, mwaka. Watu wa Awendo husema hivyo hivyo kwa mdomo. Ifundishe mashine adabu ya wenyeji.

4. Faili la kwanza likikosekana, tibu palepale. Acha safu ya zamani ilivyo, na kwenye safu mpya andika:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Zilizogeuka zitageuzwa tena, zilizogoma zitakuwa tarehe za kweli. Fanya hivi mara moja tu. Dawa ikinywewa mara mbili ugonjwa hurudi.

5. Muulize mwenye shamba. Chukua mashamba matatu, na kwa kila moja mpigie mama mkulima wake: "Mama, ulipanda lini?" Atakujibu kwa mvua na kwa siku shule zilipofungua, na jibu lake litakuonyesha kama fomula imesema kweli. Kisha hifadhi kila tarehe kama 2023-03-05, utaratibu wa kimataifa wa ISO 8601 uliotolewa 1988. Hapo hakuna wa kuugeuza.

Haya yote ni kwa sababu ya siku 59, zilizo kati ya tarehe 5 mwezi wa tatu na tarehe 3 mwezi wa tano. Tangu kiwanda cha sukari cha SONY kianzishwe hapa Awendo mwaka 1979, mji huu unaishi kwa kuhesabu miezi ya muwa. Ukikatwa mapema, sukari haijajaa. Ukicheleweshwa, unakauka na utamu unapungua. Trekta litakwenda siku iliyoandikwa kwenye orodha yako, na mama yule atalipwa kwa uzito utakaosomwa mzanini.