Shati la Sufu Lililogoma Viwikoni

Katika orodha ndefu ya fedheha zinazoweza kumpata mtu mzima hadharani, ile ya kukwama ndani ya shati lake mwenyewe, mikono ikiwa juu, uso umefunikwa na tumbo liko wazi, haijapewa nafasi inayostahili na wataalamu wa mavazi, ingawa sababu zake zinaeleweka na hata kupimika. Tukio linalochunguzwa hapa bado ni bichi. Lilitokea kwenye lango la Marangu, mlimani Kilimanjaro, wakati wa manyunyu ya asubuhi, na mhusika wake ataitwa mnunuzi, kwa kuwa jina lake halina umuhimu kwa elimu na kwa kuwa mwandishi analifahamu mno.

Shati lenyewe lilikuwa la sufu nzito, la kuvalia kichwani, lenye vifungo vitatu vinavyoishia kifuani, na lilikuwa limekaa begini tangu lilipofuliwa na kukaushwa, hivyo lango lile ndipo mahali pa kwanza lilipojaribiwa baada ya kufuliwa. Kichwa kiliingia nusu, mikono ikafika hadi viwikoni, kisha shati likagoma, halitaki kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wapagazi waliokuwa kwenye foleni ya kupimiwa mizigo, watu ambao huko mlimani huitana wagumu, walitazama kwa muda unaokubalika kiadabu, na baada ya hapo mmoja akasema, “Mangi, hiyo shati imekukataa.” Mwingine, mwenye umri mkubwa zaidi na huruma zaidi, akashauri, “Toa pumzi yote, mzee wangu, halafu usivute nyingine mpaka tumalize.” Wawili wakashika mkono mmoja mmoja wa shati, wa tatu akamshika mnunuzi kiunoni, na kazi ikafanyika kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, hesabu ileile itumikayo kunyanyua mitungi ya gesi. Mtalii mmoja alipiga picha, ambayo bila shaka ilishafika bara jingine kabla ya mnunuzi kufika kituo cha Mandara.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi kwanza ielezwe kwa nini mtu anayeishi nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta atafute shati la sufu. Joto la hewa hupungua takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo mtu anayeondoka Moshi akitokwa jasho anaweza kukifikia kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, katika baridi iliyo chini ya sifuri, akiwa bado na jasho lilelile alilolitoa njiani. Kosa la pamba liko hapo, kwa sababu pamba hulifyonza jasho na kulishikilia juu ya ngozi, na maji hupitisha joto la mwili kwenda nje upesi kuliko hewa. Sufu hufanya jambo jingine kabisa, jambo ambalo lingefaa kufundishwa shuleni mahali pa mambo mengi yanayofundishwa sasa.

Unywele mmoja wa sufu umejengwa kwa keratini, yaani protini inayounda pia nywele, kucha na pembe, na kwa nje umefunikwa na magamba madogo sana yaliyopandana kama vigae vya paa, ncha zake zote zikielekea upande mmoja, kutoka mzizini kwenda nchani. Utando mwembamba ulio juu ya magamba hayo huyakataa maji, ilhali kiini cha unywele huyapenda, na kutokana na mgongano huo sufu huweza kuupokea mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kwamba amelowa. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba mvuke huo unapojishikiza kwenye molekuli za keratini hutoa joto, hivi kwamba shati kavu likitolewa begini na kuingizwa kwenye ukungu hupata joto kidogo lenyewe, bila jua wala moto. Mnunuzi alipoisoma habari hiyo alimweleza kila aliyekaa karibu naye, akiwamo kondakta wa daladala aliyekuwa akidai nauli. Pamoja na hayo, kila unywele una mikunjo ya asili inayouzuia kulala sambamba na mwenzake, kwa hiyo kati ya nyuzi hubaki hewa iliyotulia, na kwa hakika hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili kutoroka, sufu ikiwa ni mlinzi wake tu.

Sufu si moja, na hapo ndipo uteuzi unapoanza. Unene wa unywele hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kondoo wa Merino hutoa unywele mwembamba, kwa kawaida usiozidi mikroni 24 hivi, unaolala juu ya ngozi bila ugomvi lakini unaochakaa mapema chini ya mikanda ya begi, ilhali unywele wa mikroni 30 na zaidi hudumu miaka na huwasha, kwa sababu ncha zake hazipindi zinapogusa ngozi bali huichoma. Uzito wa kitambaa nao hupimwa kwa gramu katika mita ya mraba: gramu 150 hadi 200 zinatosha kwa vazi la ndani, lakini shati la kupambana na upepo na miiba huhitaji 300 au zaidi, pamoja na uzi uliosokotwa kwa nyuzi mbili na ufumaji uliobana kiasi kwamba kitambaa kikiinuliwa juani hakionyeshi mwanga. Hayo yote mnunuzi aliyajua. Aliingia katika soko la mitumba akiwa na elimu hiyo kichwani na kiberiti mfukoni.

Kiberiti kilikuwa cha jaribio la moto, ambalo ndilo jaribio la kuaminika zaidi linalowezekana bila maabara. Uzi mmoja huchomolewa kwenye pindo la ndani na kuwashwa: ukiwa wa sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, hujizima moto unapoondolewa na huacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole, ukiwa wa akriliki, yaani uzi wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli na unaopenda kuigiza sufu, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Muuzaji alimtazama mnunuzi akitoa njiti, akatoa kauli ambayo sheria ya mikataba ingeitambua bila shida: “Ukichoma, umenunua, kaka.” Mnunuzi akalipa kwanza, kisha akachoma. Ilikuwa sufu halisi, na kwa muda wa siku chache palikuwa na mtu mmoja mjini Moshi mwenye furaha kamili.

Nguo ya mtumba, hata hivyo, haivaliwi kabla ya kuchemshwa, na kanuni hiyo ina msingi wake, kwa kuwa nguo imetoka kwa mtu asiyejulikana, imebanwa katika belo pamoja na nguo za watu wengine wasiojulikana, na haikosi kuhofiwa kwa chawa na upele. Shangazi wa mnunuzi, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya mwisho juu ya usafi katika nyumba hiyo, aliisimamia kazi mwenyewe. Sufuria kubwa iliwekwa kwenye jiko la mkaa, sabuni ya mche ikakatwakatwa ndani yake, shati likachemshwa huku mnunuzi akilikoroga kwa mwiko wa ugali, likatolewa likasuguliwa na kupigwapigwa kwenye karo la zege, kisha likamwagiwa maji ya bomba, ambayo mjini humo yana ubaridi wa mlima wenyewe.

Mtu aliyetumwa makusudi kuliangamiza shati la sufu asingepata utaratibu bora zaidi. Maji ya moto huutanua unywele na kuulainisha. Magadi yaliyomo katika sabuni ya mche huyasimamisha yale magamba. Na msuguano huzisukuma nyuzi zipishane. Kwa kuwa magamba yote yameelekea upande mmoja, unywele unaweza kusogea mzizi ukitangulia lakini hauwezi kurudi, maana magamba ya jirani yake yameukamata, na kwa sababu hiyo kila mkorogo wa mwiko ni safari isiyo na marejeo. Nyuzi hufungamana, hewa hufinywa ikatoka, kitambaa huwa kifupi na kinene kwa pamoja, na hakuna maji, mafuta wala dua inayoweza kuzifungua tena. Wamongolia wamefunika mahema yao kwa kitambaa kinachotengenezwa kwa njia hiyohiyo tangu enzi za kale, wakilowesha sufu, kuiviringisha na kuiburuta nyuma ya farasi. Mnunuzi alitumia mwiko.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba baadhi ya mashati magumu kabisa hutengenezwa kwa kufinywa namna hiyo. Kitambaa cha loden, kinachotoka katika milima ya Alpi upande wa Austria na majirani zake, hufumwa kikiwa kipana mno, kisha hulowekwa na kupondwa mpaka kinasinyaa na kushikamana kiasi cha kuzuia upepo na mvua nyepesi. Kwa maneno mengine, mteja wa shati la nje hulipia msinyao. Tofauti kati ya kiwanda cha Austria na karo la Moshi ni kwamba kiwanda hukisinyaza kitambaa kwanza ndipo hukata shati.

Inaweza kuulizwa kwa nini mnunuzi hakusoma lebo. Lebo ilikuwa imekatwa, labda na mmiliki wa kwanza aliyewashwa shingoni, na zile zilizosalia katika nguo nyingine za meza ileile zilikuwa na vipicha vya karai, pembetatu na duara vinavyosimamiwa tangu 1963 na jumuiya ya kimataifa iitwayo GINETEX, alama ambazo hakuna mtu katika soko lile aliyewahi kufundishwa, ingawa karai lenye mkono ndani yake, lenye maana ya kufua kwa mkono katika maji ya uvuguvugu au baridi, lingetosha kuliokoa shati. Lebo si kitu kidogo. Mwili wa mpanda milima George Mallory, aliyepotea Everest mwaka 1924, ulipopatikana mwaka 1999, kilichomtambulisha ni kibandiko cha jina kilichoshonwa kwenye nguo yake. Ulaya huziuza nguo hizi za mitumba kwa kilo, mfanyabiashara wa huku hununua belo lililofungwa bila kuliona ndani, na yeyote anayejua jinsi ya kulifua shati hilo amebaki ng’ambo, akijisikia ametoa sadaka.

Na wale wapagazi watatu? Mnunuzi alipotolewa kichwa na kuona tena mwanga wa dunia aliwakuta waokoaji wake wamevaa fulana za pamba zilizoloa manyunyu, mmoja akiwa na ya kampeni ya uchaguzi uliokwisha zamani. Mizigo iliyo mabegani mwao, kwa sehemu kubwa, ilikuwa nguo: sufu ya Merino, jaketi za manyoya ya bata na soksi nene za watu ambao wangezivaa kwa siku chache kisha wakarudi kwao. Langoni mzigo wa mpagazi hupimwa ili usizidi kilo 20, na ni kanuni njema, lakini mizani haiulizi amevaa nini anayeubeba. Wapagazi wamewahi kufa kwa baridi katika mlima huu. Uko mradi mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaowaazima mavazi ya mlimani bila malipo, na ni wa kushukuriwa, lakini nchi yenye mlima mrefu kuliko yote Afrika isingepaswa kumwachia mwenye kuazimisha koti la mtu anayeuhudumia mlima huo. Kicheko kilichotoka kwenye foleni ile kilikuwa cha haki kabisa. Mtu aliyelowa ana ruhusa ya kumcheka anayeshindwa kuvaa.

Masaibu yaliyofuata hayana uzito wa kitaaluma. Jirani alishauri shati lilainishwe kwa jiki, na mnunuzi akagundua kwamba jiki huyeyusha sufu, kwa bahati alipokuwa amechovya ukosi peke yake. Sweta lililowekwa kando kama akiba lililiwa na viwavi wa nondo, ambao keratini ni chakula chao. Shati lenyewe, bila ukosi, sasa ni la mpwa wake wa darasa la kwanza, na halipitishi upepo hata kidogo.

Shati la pili limechaguliwa kwa vigezo vilevile na kwa tahadhari moja zaidi: ni la vifungo hadi chini. Kuhusu chawa, utafiti umeonyesha kwamba hawaishi bila mwili wa kunyonya, kwa hiyo nguo ikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki mbili inakuwa salama, na baada ya hapo huloweshwa katika maji baridi yenye shampuu kidogo, kwa kuwa kinachooshwa ni nywele, hukamuliwa kwa kubanwa ndani ya taulo bila kusokotwa, na hukaushwa ikiwa imelazwa kivulini. Mnunuzi aliyaeleza hayo nyumbani kwa utaratibu, akaanzia magamba, akapitia keratini, akamaliza na mfuko wa plastiki. Shangazi alisikiliza yote kwa subira, akakubali kwamba elimu ni kitu kizuri, kisha akauliza kama shati hilo jipya limeshachemshwa.