Mkwe, Unatafuta Ufunguo Gani?

Wenzangu wanafuga kuku wa kisasa. Mimi nafuga seva. Ninazo Ubuntu kumi na mbili, zote zimetoka kwenye imeji moja. Unaiandaa mashine moja, unaipa kila kitu inachohitaji, unaigandisha, kisha unazifyatua nyingine kama matofali. Ukipatia mara moja, umepatia mara kumi na mbili. Upande wa pili wa hesabu hiyo niliujua Jumatano moja, saa nne usiku.

Nilikuwa nimefyatua imeji mpya, na kila seva ilipotakiwa kusasisha programu ikagoma kwa neno lilelile: NO_PUBKEY, likifuatwa na herufi na tarakimu kumi na sita. Kwa Kiswahili cha bandarini: mzigo umefika, mhuri tunauona, ila hatuna sampuli ya kuulinganisha, hatupokei. Apt, programu inayosakinisha na kusasisha nyingine, ni karani wa bohari asiyejali kama unafahamiana na bosi wake.

"Huu ufunguo umeenda wapi?" nikajisemea kwa sauti. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Korogwe, akasikia.

"Ufunguo gani, mkwe?"

"Wa vifurushi, mama."

"Vya simu?"

"Vya seva. Vinakaa kwenye hifadhi, na kila hifadhi ina ufunguo wake."

"Umeangalia chini ya zulia?"

Sikuwa na jibu la kitaalamu. Ufunguo niliupakua mwenyewe kwa curl, nikauweka kwenye /etc/apt/keyrings, nikaandika signed-by ili utumike kwa hifadhi ile tu. Si kama enzi za apt-key, funguo zote kapu moja, wa huyu ukiidhinisha mzigo wa yule. Nikachungulia: faili ipo.

Shetani akaninong'oneza trusted=yes, neno linalomwambia karani afumbe macho na apokee chochote. Namjua huyo. Niliwahi kuliandika "kwa dakika tano tu", likakaa miezi minane, hadi mkaguzi alipolisoma kwa sauti mbele ya wakubwa.

Nikajifariji kwa kumsimulia mama mkwe habari za Kali Linux, mfumo wa mabingwa wa usalama wa kompyuta. Aprili 2025 walitangaza kwamba ufunguo wao wa kutia saini umewapotea. Haukuibwa, umewapotea tu. Wakatengeneza mwingine, na watumiaji wakatakiwa kuupakua kwa mikono yao.

"Maskini. Na hao hawakuangalia chini ya zulia?"

Ilipogonga saa tano na nusu ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikaifungua ile faili na kuisoma. Ufunguo wa maandishi huanza na BEGIN PGP PUBLIC KEY BLOCK. Wangu ulianza na html. Anwani ilikuwa imehamishwa, tovuti ikajibu 404, na curl, kwa kuwa sikuiwekea -f ya kuikataza kupokea kurasa za makosa, ikauchukua ukurasa wa "samahani, haupatikani" na kuuhifadhi kwa heshima zote kwa jina la ufunguo. Niligandisha ombi la radhi, nikalifyatua mara kumi na mbili.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuipika imeji upya mama mkwe alipotoka sebuleni, kanga imejaa vumbi, mkono juu.

"Si huu hapa!"

Ulikuwa ufunguo wa stoo, tuliokuwa tukiutafuta tangu Ramadhani. Nikampokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikauweka kando ya kompyuta.

"Sasa zitafanya kazi?" akauliza.

"Zitafanya, mama."