Kenya Ilipoifunga Morocco, Garsen Ikadai Soda

Shabiki wa Harambee Stars huenda kutazama mechi akiwa na udhuru tayari mfukoni. Refa katuonea, vijana hawajalipwa posho, nyasi zilikuwa ndefu: moja kati ya hizo itahitajika kabla ya magharibi. Kwa miaka mingi kifaa chake kikubwa hakijakuwa tarumbeta bali kikokotoo. Fulani akimfunga fulani matatu, yule mwingine akatoka sare, basi nasi tutapenya. Mara ya mwisho Kenya kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika ilikuwa 2019 kule Misri, na raha yote ya safari ile ilikuwa kuilaza Tanzania 3-2, kabla ya Senegal kuwashindilia vijana matatu bila jibu. Mtu aliyelelewa hivyo ukimpa ushindi ghafla, hajui aushike wapi.

Mji wa Garsen, Tana River, ulijua hivyo Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025.

Michuano ilikuwa ya CHAN, ile ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nyumbani kwao, na Kenya ilikuwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Kulikuwa na deni la zamani hapo. Mwaka 2017 Kenya ilipokonywa uenyeji wa CHAN ya 2018 kwa sababu maandalizi hayakuwa yamekamilika. Mashindano yakapelekwa Morocco, na Morocco hawakuona haya: wakayaandaa, kisha wakabeba kombe wenyewe. Makala yaliyofuata wakalibeba tena. Sasa walikuwa wametua uwanja wa Kasarani, Nairobi, kucheza na Kenya, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inashiriki. Ni kweli wiki moja nyuma vijana wa kocha Benni McCarthy walikuwa wameifunga DR Kongo kwa bao la Austin Odhiambo, kisha wakatoka sare ya 1-1 na Angola. Lakini Morocco ni Morocco.

Ndiyo maana katika banda moja la mpira karibu na stendi, jamaa mmoja mwenye pikipiki aliamua kuwa mkarimu. Alikuwa amekaa mlangoni, mahali anapopapenda, ili kipigo kikizidi atoke bila kukanyaga watu. "Vijana wakiwafunga hawa," alitangaza, "kreti ya soda juu yangu." Alisema kwa moyo mweupe wa mtu asiyetarajia kulipa. Hakuwa peke yake kuahidi siku zile: Rais William Ruto naye alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Tofauti ni kwamba Rais alikuwa na Ikulu nyuma yake, na jamaa alikuwa na pikipiki ya mkopo.

Wimbo wa Taifa ulipopigwa, waliokalia mabenchi wakasimama, na waliokalia madebe pia. Hapa mtu wa Tana River ana haki ya kutanua kifua, kwani tuni ile ni ya Wapokomo, na Meza Galana wa huku huku ndiye anayetajwa kuwa aliitoa kwa tume iliyoundwa 1963. Asili yake ni wimbo wa kubembelezea mtoto. Yaani kila Kenya inapoingia uwanjani, wanaume kumi na mmoja hupashwa moto kwa wimbo wa kulaza watoto, na pengine matokeo ya miaka yote hiyo hayapaswi kutushangaza. Mama aliyekuwa akiuza viazi karai pale nje, mjukuu mgongoni, aliwaomba wapunguze sauti: "Imbeni taratibu basi, ndiyo kwanza anashika usingizi." Mtoto alilala kweli, mpaka dakika ya 42.

Bao halikuonekana kwanza, lilisikika. Kwenye kona alikuwapo mzee mmoja na redio yake sikioni, na sauti ya redio hufika mapema kuliko picha ya dikoda, ambayo lazima ipande kilomita 36,000 hadi kwenye setilaiti ndipo ishuke Garsen. Mzee akasema, bila hata kuinua kichwa, "Imeingia." Kwenye runinga hakuna lililokuwa limetokea. Vijana wakaanza kubishana naye, na wakiwa katikati ya ubishi Ryan Ogam akafunga. Nusu ya banda hawakuliona bao kwa sababu walikuwa wamemgeukia mzee.

"Mzee wangu, zima hiyo redio."

"Redio yangu, betri zangu."

Adhana ya alasiri ikaita. Waliotoka kwenda kuswali waliwaacha vijana kumi na mmoja wakiongoza. Huku nyuma VAR ikaingia kazini, na Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Wenye swala waliporudi, maji ya udhu bado yakiwang'aa mikononi, mmoja wao alihesabu wachezaji mara mbili, kisha akamlaumu mwenye banda kwamba runinga yake imekata picha pembeni.

Kipindi cha pili hakuna aliyetazama mpira. Watu walimtazama mzee. Yule aliyekuwa akifukuzwa muda mfupi uliopita sasa alikuwa amewekewa kiti cha plastiki mbele kabisa, na kila Morocco walipokaribia lango, macho yote yalikuwa kwenye uso wake: akikunja kipaji, watu walishika vichwa, akichukua kiazi akakichovya kwenye ukwaju, watu walipumua. Jamaa wa kreti alikuwa kwenye mtihani wake binafsi. Sare ingemfaa sana, heshima kwa taifa na salama kwa mfuko. Alipiga makofi kama wenzake, ila kwa mkono mlegevu.

Filimbi ya mwisho ikalia, 1-0. Watu kumi walikuwa wameizuia Morocco kipindi kizima. Dakika chache baadaye kreti ilikuwa imeshatoka dukani kwa mkopo, soda zenyewe za moto, kwa masharti kwamba chupa zirudi.

Laiti ingeishia hapo. Tarehe 17, Kenya ikikutana na Zambia, banda zima lilimgeukia jamaa wa kreti kabla mpira haujaanza: weka ahadi! Akaweka. Dakika ya 75, Ogam tena. Kwa hiyo tarehe 22, siku ya robo fainali na Madagascar, alipanda gari la Hola mchana, akidai ana mgonjwa. Kenya ilitangulia, ikasawazishiwa, ikatolewa kwa penalti 4-3. Wachambuzi wa televisheni walisema mengi. Garsen walisema kilichokosekana ni kreti. Morocco walikuja kulitwaa kombe pale pale Kasarani kwa kuwafunga Madagascar 3-2, na mashindano yote walikuwa wamepoteza mechi moja tu. Usiwaulize watu wa banda lile ni ipi kama una haraka.

Septemba, Gambia walikuja Kasarani kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia wakaondoka na ushindi wa 3-1. Vikokotoo vikatolewa tena. Jioni ile jamaa alipokea ujumbe mmoja tu kwenye simu, wa mwenye duka, akiuliza zile chupa za Agosti zitarudi lini.